Nafasi ya Mzee Masunga

Pelagia, nimeharibu kwenye lile shindano la picha za zamani, grupu la Mpanda. Si unajua mimi ndiye ninayetoa maoni.

Minza wa Litapunga aliweka picha ya mwaka 1996. Mama yake na watoto wanne wamejibana kushoto. Kulia hakuna mtu, ni ukuta wa nyumba tu.

Nikaandika: "Mwanga ni mzuri, ila upande wa kulia umepotea bure." Sikuishia hapo. Niliukata ule upande nikairusha picha upya, ili waone tofauti. Watu kumi na mmoja wakaweka dole gumba.

Minza akajibu: "Mwalimu, hapo tulimwachia baba nafasi."

Nimeisoma mara nne. Tulimwachia baba nafasi.

Mpiga picha alikuwa anapita kwao mara moja kwa mwaka, Krismasi. Baba yake, Mzee Masunga, alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni Rukwa. Walimngoja mpaka jua likaanza kuzama, ikabidi wapigwe hivyo hivyo. Hajarudi hadi leo.

Maoni yangu yalikuwa sahihi, Pelagia. Nimeyapitia tena, hayana kosa.

Halafu ikaja sauti ya mama yake, anacheka: "We mwalimu, umemfukuza mzee wangu uani kwake? Mrudishe bwana, asije akakuta tumejibana bure."

Nimeifuta ile picha niliyoikata. Minza ameuliza kama bado yumo kwenye shindano. Nimemjibu ndiyo, na nimeiweka tena picha yao nzima, pamoja na ukuta.