Neema Hakunywa Maziwa ya Mashine

Alhamisi, Kapsoya. Mvua imenyesha tangu mchana, nepi hazijakauka, na mimi bado nina hasira.

Kazi yangu ni kuuza maziwa kwa ile mashine ya ATM, mteja analipa, nabonyeza, inampimia kwenye chupa yake. Wiki hii tangi limekuwa likiisha kabla pesa za mauzo hazijatimia. Jana boss akasimama mbele ya wateja, akamwangalia Neema mgongoni mwangu, akasema, "Sasa nimejua mbona huyu mtoto amenona hivi, Mama Neema."

Watu wakacheka.

Neema ananyonya. Maziwa ya ng'ombe hajawahi kuonja. Amenona kwa sababu ananimaliza mimi!

Leo fundi akaja, akafungua mashine, akauliza nani aligusa chipu, ule ubongo wa mashine. Boss akakohoa. Kumbe ni yeye. Stima ikipotea betri ilikuwa inaisha haraka, basi akatazama video kwa simu na kupunguza mwendo wa saa ya ndani ya chipu, ndio betri ikae.

Fundi alinieleza pole pole. Maziwa yakipita, mita inatuma mapigo ya umeme na chipu inayahesabu ili ijue yametoka kiasi gani. Lakini chipu haiangalii kila wakati, inaangalia saa yake ikipiga tu. Pigo likija na kuondoka katikati, kwake halikutokea. Kwa hivyo inazidi kumwaga, ikidhani nusu lita bado haijatimia. Akarudisha mwendo wa saa, halafu akaongeza kidude cha kushikilia kila pigo mlangoni mpaka saa ipige, ndio liingie.

Nakubali, niliona chupa zikijaa hadi shingoni. Nikadhani ni povu.

Lakini nyinyi wateja mliozibeba mpaka nyumbani? Mlijua. Mkanyamaza, na jana mkacheka.

Na boss? Kwa sauti ya chini, "Haya, Mama Neema, imetengenezeka. Tuendelee na kazi."

Tuendelee!

Aliniita mwizi kwa sauti, sasa anataka kunisafisha kwa kunong'ona.

Neema amelala akishika kidole changu. Sitaki akue akisikia kwa majirani kwamba alilelewa kwa maziwa ya wizi.

Kesho nitafika mapema kama kawaida na kuosha mashine. Lakini sitabonyeza kitu mpaka boss aseme mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile, kwamba mtoto wangu hakunywa maziwa yake.

Wangoje hapo na chupa zao.