Wa Kiume Anatafuta Kazi, wa Kike Yupo Nyumbani

Jumatatu, 4 Agosti
Binti yangu Martina amenigeuza upande wa ukutani, akanipa dawa, akaenda kukamua ng'ombe. Baridi ya hapa kijijini Masieda imeingia mifupani. Tangu mama yake afariki, simwoni mtu mwingine mchana kutwa.

Jumanne, 5 Agosti
Ujumbe umefika. Martina ameitwa Babati kwenye usaili wa kazi ya mifugo, Ijumaa. Babati imekuwa makao ya mkoa mpya, wanataka watu. Nimemsikia anacheka peke yake jikoni. Nimeogopa.

Ana cheti cha mifugo sawa na cha kaka yake, Yohana. Chuo kimoja, mwaka mmoja. Serikali haikuwaajiri. Yohana yuko Babati kwa mjomba wake, mwaka wa tatu sasa. Kibarua hagusi, yeye ni msomi. Watu husema anatafuta kazi. Martina analima, anakamua, ananitoa nje niote jua. Watu husema yupo nyumbani. Hata mimi, mwalimu mkuu mstaafu, husema hivyo.

Jumatano, 6 Agosti
Jirani, Mama Tluway, alikuja kunisalimu.
"Shikamoo, mwalimu. Eti huyu anakwenda Babati? Wewe anakuachia nani, ng'ombe?"
Akacheka. Martina hakucheka. Sikumtetea.

Naandika ukweli, maana siku zangu zimebaki chache. Sitaki apate kazi. Nataka nife yeye akiwa karibu. Jioni nimeanza kuugulia kwa sauti ili asikie. Kifua hakiumi zaidi ya jana. Martina ametoa gauni kwenye mfuko wa safari, akalitundika tena.

Alhamisi, 7 Agosti
Alfajiri nimemwita. Nimemwambia nilijifanya.
"Najua, baba. Nimesomea wanyama. Hawasemi, lakini anayeumwa namjua."
"Mbona ulitundika gauni?"
"Nilitaka uniambie mwenyewe niende."
Nimemwambia. Ilikuwa vigumu. Kumbe alishamwita Yohana aje kukaa nami. Gari limeondoka na Martina. Nimelia kidogo.

Jumapili, 31 Agosti
Martina amepata kazi. Wiki hii ameanza.

Yohana amepika uji. Una madonge. Mama Tluway alimkuta akikoroga, akasikitika kweli: "Pole, mwanangu. Msomi mzima na mwiko!"
Martina alikoroga miaka mitatu. Hakuna aliyempa pole. Mimi pia sikumpa.

Yohana amekaa nje. Mimi ndani. Uji nimeumaliza, na madonge yake.