Mama Mwenye Ndevu

Kampala, Uganda
Juni 1956

Kwako dada Katarina,

Shikamoo, dada. Igawe, nusu umpe shemeji Raymundi. Je, mguu wake sasa unamruhusu kufika kanisani? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Majani ya kilima hiki cha chuo hayana huruma: nikimaliza kufyeka upande wa maktaba, upande wa mabweni yameshaota tena. Lakini leo sikuandikii habari za mgongo. Kaa chini kwanza, na umwambie Flavia anayekusomea barua asome polepole, asiruke mistari.

Binti yako Imakulata amepata kazi kubwa! Wakuu wa chuo walitafuta mtu wa kufanya utafiti wa njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kushuka pwani, akusanye nyimbo za mapagazi kabla wazee wanaozijua hawajaisha. Atalipwa mshahara, atapewa mashine ya kunasa sauti, na akirudi atakuwa mwalimu hapa hapa chuoni. Waliomba wengi, hata Mzungu mmoja kutoka kwao. Imakulata naye akaomba.

Habari za kikao nilizipata kwa Shomari, Mzaramo anayewapelekea wakuu chai. Unawajua watani zetu. Alinifuata nikinoa fyekeo, akaniambia kwamba sisi Wanyamwezi tulizaliwa na mzigo kichwani: zamani tuliwapelekea pembe, sasa tunataka kuwapelekea nyimbo, na wao pwani nyimbo wanazo tele. Nikamjibu kwamba nyimbo zao ni za kubembelezea watoto, hazijapanda mlima hata mmoja. Alipomaliza kucheka akanieleza kwamba wakuu wote walimsifu Imakulata, ila mmoja alisema msichana hawezi kulala vijijini peke yake, chuo kitalaumiwa. Mkuu wa chuo akakata shauri: kazi ni ya Imakulata, mradi mzee wa ukoo wake afuatane naye njia nzima. Mzee huyo asipopatikana kufikia Jumamosi, kazi anapewa yule Mzungu.

Dada, kuna jambo hulijui. Hapa chuoni hakuna aliyejua kwamba mimi ni mjomba wake. Nilimwomba mwenyewe, tangu alipofika, anipite kama anavyompita mkata majani yeyote, wenzake wasije wakamcheka. Tulikuwa tukisalimiana Jumapili tu, baada ya misa. Basi jioni ile alikuja mpaka nilipokuwa nafyeka, mbele ya wenzake wote, akapiga goti na kuniamkia. Aliniambia kwamba baba yake hawezi kutembea, kaka zake ni watoto, na yeye amechoka kunipita.

Jumamosi tukaingia kwa Mkuu, mimi na matope yangu miguuni. Mkuu aliuliza mjomba ni mtu gani hasa katika desturi zetu, maana kwao ni wa kuleta zawadi za Krismasi tu. Imakulata akamjibu kwamba kwetu mjomba ni mama mwenye ndevu. Walicheka wote, hata yule aliyepinga akavua miwani akajifuta macho. Kisha Mkuu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kama wazazi wa binti wameridhia.

Dada, nilisema ndiyo. Hamkuulizwa, na ndiyo kwanza mnasikia. Lakini wakati ule nilimwona bibi yetu, aliyetoka Isikizya hadi pwani nyuma ya babu, vyungu kichwani na mama yetu mgongoni, wala hakuna aliyemtafutia mzee wa kufuatana naye.

Kama nimekosa, mtanigombeza uso kwa uso, maana mwezi ujao tunapanda meli ya Mwanza, kisha treni ya Tabora. Shemeji akitaka kukataa, akatae mlangoni, mtoto amesimama mbele yake na mashine iko chini. Ile mashine ni nzito, na nitaibeba mimi. Shomari ameshatangaza jikoni kwamba nimerudia kazi ya ukoo, na safari hii nimecheka kuliko yeye.

Wasalimie majirani wote wa Cheyo, hasa bibi Sikuzani, binti wa pagazi. Mwambie aanze kusafisha koo.

Mimi mdogo wako, mama mwenye ndevu,
Wenceslaus