Ritifaa ya Ng'ambo

Bububu, 4 Agosti 2025

Binti ami yangu Rawiya,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima, na Bi Salhiya, mama yako, hajambo kwa presha yake.

Ninakuandikia kwa sababu moja: ukurasa wa mtandaoni wa matembezi ya watalii ulioutengeneza kazini kwako umeharibika. Kichwa kinasema "Matembezi ya Ng", kisha kimya. Katika kiolezo cha ukurasa umelizungushia jina alama za nukuu mojamoja. Ritifaa ya Ng'ambo, ile alama iliyo juu baada ya Ng, inafanana nazo, kompyuta ikadhani maneno yamekwisha. Weka alama mbilimbili nje, utasalimika.

Nimeona nikueleze mapema, kwa kuwa muda wako wa majaribio kazini unakwisha mwezi huu. Kazi hiyo tuliiomba sote wawili, na cheti changu ndicho chenye daraja la juu, lakini hilo si la leo.

Mtoto wa ami yako,
Qais

Mlandege, 7 Agosti 2025

Kaka Qais,

Wa alaykumu salaam. Mama anakusalimu; presha yake imeshuka, yangu ndiyo iliyopanda.

Nilifuata dawa yako. Ng'ambo ikapona, yakakatika matembezi mengine ya ukurasa ule ule, Matembezi ya "Mitaa ya Mafundi" Ng'ambo, yenye alama mbilimbili ndani, mbele ya wageni wa hoteli. Mkuu wangu, Bwana Thuwaini, akaniuliza, "Bibi we, wageni watembee wapi, hewani?"

Ukurasa huo uliusoma wote, kaka. Ulijua?

Mdogo wako,
Rawiya

Bububu, 8 Agosti 2025

Mdogo wangu Rawiya,

Salamu zangu leo ni fupi kwa aibu.

Nilijua. Dawa kamili ni kuziandika alama za ndani kwa msimbo ", ili kompyuta izione kuwa ni sehemu ya maneno. Nilikupa nusu. Tangu ulipoitwa wewe kazini, kila ukipita hapa na kitambulisho shingoni, chakula hakinishuki. Nilitaka Bwana Thuwaini ajute kuwa hakunichukua mimi.

Kaka yako,
Qais

Mlandege, 12 Agosti 2025

Kaka Qais,

Hujambo? Mimi sijambo, na nimethibitishwa kazini jana. Msimbo huo niliugundua mwenyewe, siku ile ile ukurasa ulipokatika, kabla ya adhuhuri.

Bwana Thuwaini anatafuta mtu wa pili. Kaniuliza kama nnamjua mwenye jicho kali. Nimemjibu kuwa jicho nnalijua, moyo wa mwenyewe siujui.

Njoo ofisini Alhamisi, saa nne kamili asubuhi. Utamweleza mwenyewe, nami nikisikia, kwa nini ulinipa nusu. Kisha ataamua.

Mdogo wako,
Rawiya