Kandege ka mashavu mekundu

Ijumaa, baada ya shamba

Mkono bado unaniuma. Sijawahi kumpiga mtu namna hii, na huyu ni mdogo wa mume wangu.

Amisi alikuwa amepaka ulimbo kwenye vijiti kando ya mpunga wetu. Nilimkuta anabandua ndege mmoja mmoja na kuwapasua vichwa kwenye jiwe. Damu ilimfika viwikoni. Na wale si wezi wa mpunga! Ni wale wadogo wa tumbo la buluu na mgongo wa rangi ya udongo. Dume ana doa jekundu kila shavu, kama amezabwa makofi pande zote mbili. Jike hana doa, ndiyo maana anauawa bila kutazamwa.

Nikampasua mmoja kwa wembe, nikamwonyesha Amisi firigisi: mbegu za magugu tupu. Magugu yale yale yanayonivunja mgongo wakati wa palizi.

“Shemeji, ndege ni ndege,” akacheka. “Yote inakulaka mpunga.” Akachukua dume aliyekuwa bado anapiga mabawa, akamnyonga huku akinitazama machoni.

Hapo nikamzaba. Kushoto, halafu kulia.

Ameapa kunishtaki kwa kaka yake. Naogopa, sitajidanganya. Na mwaka jana mimi mwenyewe niliwanyonga, mikono hii hii, bila hata kuwatazama...

Kesho mume wangu akirudi na kuuliza ni ndege gani huyo wa kugombanisha ndugu, nitamwambia amtazame mdogo wake mashavuni.