Kicheko Kabla ya Gurudumu

Binti yangu kipenzi,

Natumai kifua kimepoa. Asubuhi vaa ile sweta niliyokufumia, hata wenzako wakikucheka. Huku tu wazima, kuku mweusi ametotoa.

Jumamosi baba yako alinipeleka ukumbini kuona ile sinema ya zamani ya mbio za magari, isiyo na sauti, watu wanaanguka tu. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Dereva mmoja mnene aliparamia banda la kuku, akatokea upande wa pili na kiota kichwani! Ila baba yako alikuwa anacheka kabla. Gari linakwenda vizuri, yeye kashashika tumbo, ndipo gurudumu linachomoka.

Nikamwambia, "Baba watoto, hii umeshaiona."

"Ndiyo, kule kwa binti yako. Alitupeleka."

"Aliwapeleka wewe na nani?"

Akakodolea macho sinema. Ukumbi mzima unacheka, sisi wawili kama tuko matangani.

Mimi aliniaga anakuja kwako kutibiwa mgongo. Tulipofika nyumbani akasema yote: kwamba alikuja na mwanamke wake, ukawapokea, ukawapikia. Ya baba yako nimeshayazoea. Lakini wewe, mwanangu, tangu siku hiyo umeniandikia mara mbili, na zote ni habari za mvua.

Sikugombezi. Niambie jambo moja tu. Mlipokuwa mmekaa pale mkicheka, yule mwanamke ulimwita nani?

Kama ulimwita mama, usinijibu.

Sweta usisahau.

Ni mimi niliyekuzaa.