Kile Chumba cha Nyuma

Mtaa wa Mafia,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ijumaa, 22 Novemba 2024

Mpendwa Dada Zeina,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Shikamoo ya karatasi haina haraka, itakungoja mpaka upate nafasi ya kuiitikia. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Muscat, joto limepungua, na ule mgongo uliokusumbua mwezi wa Ramadhani umetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa hizi mvua za vuli, lakini ulimi wake mzima kabisa, anatugombeza wote kwa zamu.

Najua unashangaa, Khairunnisa na kalamu wapi na wapi. Barua anakuletea Bi Ummy wa duka la vitambaa, anayekuja huko kumwangalia mwanawe aliyejifungua. Nimemwomba akupe mkononi mwako, asimwachie mtu mwingine yeyote wa nyumba hiyo. Simu nimeona haifai. Ulishaniambia mwenyewe kwamba simu yako husomwa na wengine kabla hujaisoma wewe.

Dada, ule ujumbe wako niliuona. Ulikaa kwenye kioo cha simu yangu kwa muda wa kupiga chafya moja, kisha ukaufuta. Nilikuwa ofisini, mvua inanyesha, mitaa yote ya Mchafukoge imefifia nyuma ya dirisha, hata honi zilisikika kwa mbali kama za mji mwingine. Uliuliza: "Kile chumba cha nyuma bado kipo?" Halafu yakabaki yale maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Nimechukua wiki tatu kukujibu, na sababu ni mimi mwenyewe, maana nusura jibu liwe jingine.

Kazi yangu unaijua, ingawa Mama bado anawaambia watu kwamba natengeneza redio. Ofisi yetu imeleta mfumo wa kompyuta wa kusimamia nyumba za kupanga. Umetengenezwa nje, kwa watu wa baridi, na mimi nimepewa kazi ya kuufanya ufuate sheria za kwetu. Huko mfumo ulikotoka, mpangaji akichelewa siku saba, wenyewe unavunja mkataba na kufunga mlango kwa umeme. Hapa huwezi kumtoa mtu namna hiyo. Kuna notisi, kuna kusikilizana, na mkishindwana kuna kufika mbele ya baraza. Basi tangu mwezi wa saba kazi yangu imekuwa kuufundisha mfumo subira, na wewe unajua subira kwangu ilivyo haba.

Siku hizi nikisinzia baada ya chakula cha mchana naota vyumba tu. Naota nyumba hii ya Bibi Sitara imekuwa ndefu, milango yake imepangana mpaka Jangwani, na kila mlango nikiufungua nawakuta watu wamekaa kimya wanakunywa kahawa, wananikaribisha kwa jina la utotoni. Nikiamka nakuta shavu limeandikwa herufi za kibodi. Wenzangu wananicheka sana.

Nyumba ya kwanza kuiingiza kwenye mfumo ilikuwa hii yetu. Mjomba Ghanim, kwa kuwa ndiye msimamizi wa wakfu, alikubali tuijaribie, na akanipa ile hati ya Bibi Sitara niinakili. Kichekesho kilianza palepale. Mfumo ulitaka jina la mmiliki, na nyumba iliyowekwa wakfu kwa Mungu haina mmiliki binadamu. Nikaacha pengo, ukakataa. Ukaniomba namba ya simu ya mmiliki. Nilikaa nikiitazama ile skrini, sijui nicheke au niombe radhi. Ikabidi nimwite Steven, mwanasheria wa ofisi, ndipo tukatengeneza nafasi ya msimamizi.

Kumbe hapo nilijiona mjanja bure. Nilipofika kile chumba cha nyuma, mfumo ulinipa majibu matatu tu: kimepangishwa, kiko wazi, au kinatengenezwa. Nikasema nibofye "kiko wazi" kwa muda, nitarudi kukirekebisha. Si unanijua. Nikala chakula cha mchana, nikaota vyumba vyangu, nikasahau.

Sasa ulipoandika ujumbe ule, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukifungua chumba kwenye skrini. Nilitaka kukiona tu, Dada. Nilikumbuka mvua kama ile, mimi na wewe tumelala chali kwenye sakafu yake ya saruji, halafu tunageuka tunalaza sikio chini na kudai tunasikia maji ya kisima kile walichokifunika. Wewe ulikuwa unasema maji yanazungumza Kiarabu. Mimi nilikuwa naitikia, nisije nikaonekana mshamba.

Skrini ikaniambia chumba kimepangishwa. Mpangaji, Isidori. Kuingia, Jumamosi. Mfumo ulikiona chumba kimekaa wazi siku thelathini, ukakitangaza wenyewe, ukatoa mkataba wenyewe, na yule bwana akauwekea sahihi kwenye simu yake. Wewe unauliza kama chumba kipo, na mimi kwa mkono wangu nimekigawa.

Nilimkimbilia Steven na hati ya Bibi. Unakumbuka tulivyokuwa tunaisikia kwa Mama, lakini kuisoma ni jambo lingine kabisa. Bibi Sitara, bibi yake Mama, aliandikisha hivi: "Chumba cha nyuma, kilicho karibu na kisima, kisipangishwe. Ni cha binti yetu yeyote atakayerudi. Asiulizwe kwa nini." Maana yeye mwenyewe aliwahi kurudi kwao na furushi moja la nguo, akakuta wamempangisha mtu chumba chake, na kabla hajapewa hata maji akaulizwa amefanya nini huko. Alilala barazani siku tisa. Ndiyo maana alipopata nyumba yake aliandika vile.

Steven aliisoma mara mbili. Akaniambia sharti la mweka wakfu halivunjwi na kompyuta, kwa hiyo ule mkataba haukuwa wetu kuutoa. Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza kwamba huyo Isidori hana kosa lolote, kosa ni langu, na nisithubutu kumfukuza mlangoni kana kwamba yeye ndiye amevamia. Kumpigia simu mapema niliogopa, nikawa naahirisha tu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Jumamosi akaja na guta la mizigo limejaa: kitanda, feni, ndoo, na magunia ya viatu vyake vya kuuza. Ni mtu wa Mbinga, mrefu, mpole, anauza viatu Mtaa wa Kongo. Bi Kuruthumu alishajiweka mlangoni kwenye kigoda, ufunguo wa chumba cha nyuma ameufunga kwenye pindo la khanga, sura imekunjamana. Unamjua Bi Kuruthumu, amepanga hapa tangu hatujazaliwa, na huo ufunguo anauona kama figo yake. Yule bwana akamsalimia kwa adabu, naye akaitikia marahaba bila kusogea hata inchi.

Nikamwomba Isidori radhi. Nilimweleza yote pale pale, mvua inatudondokea, kisha nikampa hati aisome mwenyewe. Aliisoma taratibu. Akauliza ni nani huyo anayerudi, na Bi Kuruthumu akamjibu kwamba katika nyumba hii hilo haliulizwi. Yule bwana akaikunja hati vizuri, akanirudishia. Akasema, "Dada yangu alilala stendi siku nne, kwa sababu nyumbani kila chumba kilikuwa na mtu. Kiacheni hiki."

Dada Zeina, nililia. Sikujificha wala sikusingizia mvua.

Basi nikampa chumba changu cha juu mpaka mkataba wake uishe, na Mjomba Ghanim akatia sahihi. Mimi nimehamia kwa Bi Kuruthumu. Anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini, halafu asubuhi ananilaumu mimi. Mama aliniuliza kwa nini nisilale kile cha nyuma, kitanda kipo, chandarua kipo. Nikamwambia mimi sijarudi kutoka popote. Jioni akaniletea sahani ya vitumbua, na hiyo kwa Mama ni sawa na hotuba.

Nilirudi ofisini nikaongeza jibu la nne kwenye mfumo: "kimewekewa mtu". Chumba cha namna hiyo hakitangazwi, hakitolewi mkataba, wala hakihesabiwi kama hasara. Mabosi walipolalamika, Steven aliwaeleza kwamba wakfu zipo nyingi mjini na kila moja ina sharti lake, kwa hiyo mfumo usiojua kuweka chumba hautufai hapa. Wakakubali. Lakini mfumo uliponiletea fomu ya mwisho, ulitaka nijaze vitu viwili ndipo ukubali: tarehe atakayoingia huyo mtu, na sababu.

Nilikaa mbele ya lile neno "sababu" mchana mzima. Chai ikapoa, watu wakaenda kuswali Alasiri wakarudi. Nilikuwa nakuona wewe, umesimama mlangoni na begi lako, umevaa lile baibui lako la zamani lenye ushanga mkononi, na wote tumejipanga uwani tunakutazama, midomo imejaa maswali. Mimi wa kwanza. Maana ukweli ni kwamba nimeshakuuliza sana, Dada. Kwa simu, kwa ujumbe, kwa mafumbo. Vipi mumeo Amjad, mbona huonekani, mbona sauti yako imekuwa ndogo. Nisamehe. Nilidhani kuuliza ndiko kupenda.

Nikakiondoa kile kisanduku cha sababu. Kile cha tarehe nimekiacha, ila sasa kinakubali kubaki kitupu hata miaka mia.

Jumapili iliyopita Bi Kuruthumu alifungua pindo lake, akanipa ufunguo nikakifagie chumba. Nimeosha sakafu, nimepaka chokaa ule ukuta wa dirishani, nimetandika shuka ya maua ya bluu. Nilipomaliza nilijilaza chini, sikio kwenye saruji, mtu mzima na digrii yangu. Niliyasikia maji. Sijui Kiarabu chao, lakini niliyasikia.

Mama anakusalimu sana, na Mjomba Ghanim, na Bi Kuruthumu anayesema umeniharibu tangu utotoni. Hata Isidori, asiyekujua, ameniuliza kama naandika barua, na akasema nikupe salamu za jirani wa juu. Mwenyezi Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akufungulie kila lililofungwa, na akutangulie katika kila njia utakayoishika.

Ukitaka kunijibu, usijisumbue kuandika. Bi Ummy anarudi tarehe kumi na mbili mwezi ujao na ndege ya asubuhi, na amesema yeye safarini hapendi kukaa peke yake. Usipokuja safari hiyo, ziko nyingine. Ufunguo umerudi kwenye pindo la khanga. Chumba kipo, Dada, na hakuna atakayekuuliza.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, uliyelaza naye sikio sakafuni,

Khairunnisa